Mayai Meupe ya Kasungami

Nikijumlisha yote, mimba ya Kavira ilitugharimu jogoo mmoja mwenye afya yake, vitunga viwili vilivyokanyagwa, na majira mazima ya mvua ambayo mimi na Tantine Odile hatukuonja yai jeupe hata kwa ncha ya ulimi. Nilipohesabu mara ya pili nikaona nimesahau sahani iliyovunjika, iongezeni. Fedha sizitii humo. Fedha za mayai huingia na kutoka bila hata kuvua viatu, na mtu anayeuza mayai anajua hasara yake halisi haikai mfukoni.

Hesabu hiyo niliipiga wiki iliyopita, nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katika kilio cha mukaka. Mukaka ni bibi kwa lugha ya watu wa Butembo, na sisi wote pale mtaani Kasungami tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mama yake Paluku, mfanyabiashara wa maharage na mwenye lori, na kwa hiyo mama mkwe wa Kavira. Watu walikuwa wengi, bukari, ugali wetu, ilikuwa kidogo, na wale vijana wa kugawa chakula walikuwa wanafanya kosa la siku zote, wanajaza sahani za mbele na kupungukiwa nyuma. Nikiwa bado nawahesabu, Kavira alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kusema juu ya marehemu. Alichosema kimeninyima usingizi tangu siku hiyo. Lakini mkikisikia hapa hapa mtasema maneno ya kilio ni maneno ya kilio tu. Lazima kwanza muijue lupangu ya Tantine Odile, uwanja wake na vyumba vyake vya kupangisha, na kuku wake.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuuza mayai ya kuchemsha barabarani, sinia kichwani, chumvi na pilipili kwenye vikaratasi. Nililala kwa Tantine Odile, kwenye chumba cha mbele kilichokuwa pia stoo ya makala, makaa ya kupikia, hivyo shuka zangu zote zilikuwa na rangi moja hata kama zilinunuliwa na rangi nyingine. Wateja wangu walinifundisha kwamba watu hawanunui yai, wananunua ganda. Madereva na wachimbaji walitaka la kahawia, dogo, lenye alama ya tope: “ya village, ile ya nguvu.” Wanafunzi walichukua lolote. Wanawake waliovaa vizuri walitaka jeupe kubwa la kutoka Zambia, kwa sababu halikuwa na tope. Nikilimenya yai mbele ya dereva na mbele ya mwanamke yule, ndani lilikuwa lile lile, na kila mmoja aliapa kwamba lake lina ladha tofauti. Mimi sikubishana. Bei ilikuwa kwenye ganda, nami niliiacha huko.

Tantine Odile ndiye aliyenionyesha kwamba rangi haitoki hewani. “Angalia masikio,” alinambia asubuhi moja, amemkumbatia kuku mwekundu kama mtoto wa kubatizwa. “Kuku mwenye sikio nyekundu atazala ya rangi. Mwenye sikio nyeupe atazala nyeupe. Na hatabadilisha, hata umupigie magoti.” Alijua yai la kila kuku wake kama mnavyojua mwandiko wa watoto wenu. Yule mwenye shingo tupu alitaga la rangi ya chai ya maziwa, na kila siku alichelewa kidogo kuliko jana, mpaka siku moja akaruka kabisa, akaanza upya asubuhi. Yule wa madoa alitaga la rangi ya waridi, lakini ukichukua mayai yote kiotani bila kumwachia moja, alikasirika, akahamia kwa watu. Mimi niliyezoea kukusanya mpaka la mwisho nilimhamisha mara mbili kabla ya kuelewa. “Weye utakuya kuwa tajiri bila jirani,” Tantine alinambia.

Katikati yao kulikuwa na mmoja mweupe, mrefu, mwenye uso wa kushangaa. Alikuwa kuku wa réforme, yaani wale ambao mashamba makubwa ya barabara ya Kipushi huwauza wakianza kuchoka, kwa bei ya kuwaondoa tu. Alikuwa amekulia kwenye kizimba cha waya na hakuwa amewahi kuona kiota. Masikio yake yalikuwa meupe, na mayai yake pia, ila hakujua yai linatagwa wapi. Alitaga popote alipokuwa amesimama: karibu na mbabula, jiko letu la makaa, juu ya kandambili, kwenye beseni la vyombo. Kuku wengine waliingia gizani kwa heshima, wakatoka wakitangaza. Yeye alisimama, akashangaa, akaondoka, na nyuma yake kukabaki yai.

Kavira na Paluku walipanga vyumba viwili vya nyuma. Paluku alikuwa mtu wa barabara, akirudi tunamwona, akiondoka tunasikia lori tu. Kavira alikuwa wa umri karibu na wangu, mpole, mwenye kucheka akiziba mdomo. Mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika kabla hazijaonekana vizuri. Alipoanza kukaa chini katikati ya kufua, na ndani ya midomo yake kukawa kweupe kama unga, Tantine Odile alimpeleka mwenyewe kwa muganga wa kituo cha afya. Nilisikia wakirudi. “Amesema damu iko kidogo sana,” Tantine alisema akivua viatu mlangoni. “Amesema nyama, maini, ao mayai. Nyama tutatoa wapi? Mayai iko inatembea hapa.” Kavira akajibu polepole: “Tantine, mama mukwe anakuya kesho kutwa.” Ikawa kama mtu ameifunika sufuria.

Mukaka alishuka kwenye lori na gunia la maharage, kigoda chake cha mbao, na sheria. Mwanamke mwenye mimba hali yai. Sio kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa, na hata kwetu huku wako bibi wengi waliosema hivyo hivyo. Yai ni mtoto wa mwenzako. Ukila mtoto wa mwenzako, wako atazaliwa bila nywele, na atakuwa mtu wa kutafuta vya wengine. Basi Kavira alikula bukari na matembele, bukari na kapenta, na maharage ya Butembo ambayo kwa kweli yalikuwa matamu, na midomo yake ikazidi kuwa myeupe. Usiku na mchana, mtu aliyekuwa na macho aliona kwamba na hii nayo inaelekea kule zilikokwenda mbili za kwanza. Paluku alikuwa njiani. Na Kavira hakuwa mtu wa kumwambia mama mkwe hapana.

Ajabu ni kwamba mukaka aliyapenda mayai, yeye mwenyewe, ya kienyeji. Ya Zambia ndiyo aliyoyadharau. Nilimletea moja, la zawadi, maana mtu mpya lazima umjue bei yake. Alilipasua kwenye kibakuli, akakitazama kiini kile cheupe-cheupe, akasonya mpaka kuku wakageuka. “Hii haiko yai,” alisema. “Hii iko chokaa na maji. Kuku ya machine, haijaonaka jogoo na macho. Inaweza kuzala nini?” Alilimwagia paka. Paka alilila, lakini mukaka alisema paka naye si shahidi.

Nililala na neno hilo. Mtu wa soko akisikia mwenzake ameshusha bei mwenyewe, hawezi kupitwa. Kesho yake tulikuwa wote uani tukipepeta maharage, mukaka kwenye kigoda, Tantine kwenye beseni lililogeuzwa, Kavira kwenye mkeka ameegemea ukuta, macho amefunga. Nikasema, kama mtu anayeuliza habari za mvua: “Mukaka, ile ya Zambia iko yai ao haiko yai?”

“Nilikwambia. Haiko yai.”

“Haina mutoto ndani?”

“Mutoto atatoka wapi? Jogoo haiko.”

“Donc, Kavira akiikula, atakuwa amekula mutoto wa nani?”

Mikono ya mukaka iliendelea kupepeta, lakini maharage yaliacha kuruka. Tantine Odile alipatwa na kikohozi. Kavira alifungua jicho moja. Mukaka alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi mwenye kasoro.

“Weye,” alisema, “mama yako alikuzala ku nyumba ao ku soko?”

“Ku nyumba, mukaka. Lakini mulango ilikuwa inaangalia soko.”

Alicheka. Mara moja, kwa pua. Kisha akafanya ninachokiheshimu mpaka leo: hakukubali, aliweka masharti. Yai liwe jeupe, maana la kahawia nani atajua limetoka kwenye lupangu gani? Atalipika yeye. Ganda ataliona kwa macho yake kabla halijavunjwa. Na asisikie mtu anasema Kavira anakula mayai; Kavira anakula kitu cheupe cha Zambia, basi. Nikampa mkono. Alikuwa na kiganja kigumu kama ubao wa kukatia nyama.

Nilileta mayai meupe kila nilipotoka sokoni. Mukaka aliyakaanga kwa mafuta kidogo na kitunguu, Kavira aliyala ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, na sisi wengine tulijifanya tunaangalia mawingu. Ikapita muda, midomo ikaanza kurudiwa na rangi. Siku moja nilimsikia akiimba akiosha vyombo. Tantine Odile alinigusa na kiwiko.

Halafu mayai ya mpakani yakakosekana. Huwa yanakosekana, hakuna anayeeleza, kila muuzaji anakwambia “kesho” kwa uso wa mtu anayejua. Nilizunguka soko zima. Kulikuwa na ya kahawia tu, yamepangwa kwenye plato, trei zake za karatasi, kama yanatucheka. Muuzaji mmoja aliniambia niyachukue nikayasugue na majivu. Nilirudi mikono mitupu, siku nyingine tena mikono mitupu, na Kavira akaacha kuimba.

Tulikaa kikao. Nilisema: hapa hapa uani tuna kuku wa machine, mayai yake meupe, anayataga hata kwenye viatu vya watu, kasoro yake ni kwamba sasa anaishi na jogoo. Sote tulimgeukia jogoo. Tantine Odile alimwita Komiseri, kwa sababu alitembea akikagua na hakufanya kazi. Alimpenda. Aliangalia juu, akaangalia chini, akasema: “Muniletee kisu, mbele nibadilishe mawazo.” Tulimla jioni hiyo na bukari na nyanya nyingi. Firigisi, ambayo kwa desturi ni ya baba wa nyumba, mukaka aliichukua bila kuuliza, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumkumbusha. Katika kugombea shingo, sahani moja ikavunjika. Kavira alipokwisha kwenda kulala, Tantine, akinyonya mfupa wa mpenzi wake, akasema kwa huzuni ya kitaalamu: “Mais munajua, hata jogoo akikufa leo, kuku inaendelea kumukumbuka siku kazaa. Ile mayai ya kwanza itakuwa ingali yake.” Mimi niliacha kutafuna. Mukaka alikuwa anaangalia upande mwingine, akachokoa meno, akauliza kama kuna mtu amefunga lango. Nilidhani hakusikia.

Tuliendelea. Kuku mweupe alitaga, mukaka alikusanya. Nadhani walipendana, yule kuku asiyejua kiota alianza kutaga karibu na kigoda, miguuni pake, na mukaka alikuwa akinyoosha mkono bila kuangalia, kama mtu anayepokea chenji. Kavira akapona tena. Tumbo likatangulia mbele, ikabidi apite mlangoni kwa upande.

Mchana mmoja nilirudi mapema, mayai yangu yamekwisha. Nilisukuma lango. Jirani yetu wa upande wa pili wa mabati alikuwa na jogoo, mwekundu, kijana, na habari za kifo cha Komiseri zilikuwa zimemfikia. Alikuwa ameruka mabati, amevikanyaga vitunga vyetu, na pale katikati ya uwanja, mbele ya watu na Mungu, alikuwa juu ya kuku mweupe. Mukaka alikuwa ameketi kwenye kigoda chake hatua chache kutoka pale, fimbo yake ya kufukuzia kuku juu ya magoti. Mkono ulikuwa umeishika fimbo. Haukuiinua. Alitazama mpaka jogoo akashuka, akajikung’uta, akaruka mabati kurudi kwao. Ndipo akaniona. Nikafungua mdomo.

“Funga lango,” alisema. “Bantu banapita.”

Nikafunga. Yeye aliinama, akaokota yai la siku hiyo miguuni pake, akalifuta kwa upindo wa kitenge, akaingia jikoni. Nikasikia mafuta. Nikasikia sauti yake, ya juu, ya furaha, sauti ya mtu mwingine: “Kavira! Kuya ukule, mwana. Ya Zambia imefika.” Na Kavira ndani: “Bamefungua mpaka, mama?” “Bamefungua.”

Nilimfuata jikoni. Sikujua ninataka nini. Nilikuwa msichana aliyeshinda mabishano na nilitaka mtu akiri. Nilisema: “Mukaka, ile jogoo…”

“Jogoo gani?”

“Ile nyekundu.”

Aliligeuza yai. Alikuwa na namna ya kuligeuza bila kuvunja kiini, sijawahi kuimudu. Kisha akasema, bila kuniangalia, sauti yake ile ya kawaida: “Fifi, miye nilichunga sheria yote. Yote. Sikukula yai, sikukula bata, sikupita pa njia panda. Unajua nilizika bangapi?”

Mimi ni mtu ninayehesabu mpaka njegere kwenye mchuzi. Sikuuliza ni wangapi. Nilishika sahani, akaliweka yai juu yake, nikampelekea Kavira aliyeelekea ukutani.

Mtoto, Masika, alizaliwa na nywele mpaka kwenye paji la uso. Mukaka alizunguka naye lupangu nzima, akafungua kitambaa kwa kila aliyepita, akiwaambia: “Munaona nywele? Sheria ilichungwa.” Wanawake wa Kasungami waliona nywele. Na wanawake wa Kasungami wakiona kitu, hakikai Kasungami tu.

Sasa ndiyo turudi kwenye turubai. Kavira alisimama mbele ya watu, mwanamke mkubwa sasa, kiongozi wa akina mama kanisani, akasema: “Mama mukwe alinichungia mimba pa wakati banganga walikuwa banasema mayai, mayai. Hakunikataza kwa ukali. Alitafuta njia. Nilikula nyeupe tu, ya kuku isiyojua jogoo. Sikukula yai moja yenye uhai. Na mutoto njo huyu, amesimama. Hiyo njo mafundisho miye nawapatia babibi bote benye mimba, mpaka leo.” Wakaitika amina, na niliona wasichana wawili wenye matumbo wakiitikia kwa nguvu.

Leo mimi nina depo ya mayai. Kwa miaka mingi nimeona wanawake wenye mimba wakilisukuma plato la kahawia na kuuliza la meupe, hata meupe yakiwa na bei ya kuumiza, hata nyumbani kwao kuku wa kahawia wanatagia mpaka chini ya kitanda. Nilidhani ni mtindo, kama nywele za bandia. Nilipanga bei kufuatana na hilo, na nililala vizuri. Pale kwenye kiti cha plastiki ndipo nilipoyatambua maneno yangu mwenyewe, ya msichana anayepepeta maharage, yamevaa kitenge cha kanisa. Nilikuwa nimetafuta mlango mdogo wa kumpitisha mtu mmoja. Wakajenga ukuta kuzunguka mlango.

Baadaye, kwenye mabeseni ya kuoshea vyombo, Masika alinijia. Ana mimba ya kwanza. Anaishi na mama yake mpaka atakapojifungua. Alikaa chini katikati ya kusuuza sufuria. Nikamwinua kidevu, nikamfunua mdomo wa chini kwa kidole, kama Tantine Odile alivyokuwa anafanya, Mungu amrehemu. Unga mtupu.

“Tantine Fifi,” alisema, “unitafutie nyeupe. Haiko fasi yote. Hata kwako nilituma, balisema haiko.”

“Kwenu kuku haziko?”

“Iko mingi. Lakini yote inazalaka ya rangi. Mama hawezi kukubali.”

Nikamwangalia Kavira upande wa pili, anapokea watu, macho yamevimba kwa kumlilia kweli yule mama. Nikimwambia nilichokiona langoni, ninamwambia kwamba mama mkwe wake alimdanganya siku baada ya siku, na ninamwambia juma lile lile alilomzika, na kwamba mafundisho yake ya miaka yote hayana miguu. Lakini pia nitakuwa ninamwambia jinsi alivyopendwa, na sijui kama atasikia hilo la pili baada ya la kwanza. Nikimwambia Masika peke yake, atakula kwa kujificha kwenye nyumba ya mama yake, na msichana huyu hajui kuficha hata kicheko. Nikinyamaza, meupe yatakuja siku yatakapokuja. Mukaka mwenyewe hakuniambia ninyamaze. Alinambia nifunge lango tu, na nimejaribu kubishana na neno hilo kila asubuhi, nikilishusha na kulipandisha, lakini mwenye bei amekwishaondoka.

Basi niambieni, ninyi mliozaa na ninyi mliozika: nianze na nani, mama au binti, na neno la kwanza liwe lipi? Nijibuni upesi. Nimeiangalia ile midomo, na mimba haingojei watu wamalize kulia.